Vita vya Somalia na Viti vya Nairobi

Jumamosi ya tarehe 15 Oktoba 2011 mawaziri wawili wa Kenya, George Saitoti wa usalama wa ndani na Yusuf Haji wa ulinzi, waliwaita wanahabari wakatangaza kwamba Kenya itawaandama Al-Shabaab hadi ndani ya Somalia. Kesho yake wanajeshi walivuka mpaka. Sababu zilikuwa zinajulikana na kila mtu. Mwezi Septemba wageni kutoka Ulaya walivamiwa Kiwayu, mwanzoni mwa Oktoba ikawa zamu ya Manda, na siku mbili tu kabla ya tangazo hilo wahudumu wawili wa misaada kutoka Uhispania walitekwa nyara Dadaab. Utalii wa Lamu ulikuwa unakauka. Operesheni ikapewa jina la Linda Nchi, na serikali ikaegemea kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kinachoipa nchi haki ya kujihami.

Bunge halikupiga kura. Liliulizwa mwezi Desemba, wanajeshi wakiwa wamekaa ng'ambo ya mpaka kwa wiki kadhaa, na hata hapo swali lilikuwa jingine: je, Jeshi la Ulinzi la Kenya, KDF, liingizwe katika kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, AMISOM? Wabunge wakakubali. Katiba ya mwaka 2010 ilikuwa na umri wa zaidi kidogo ya mwaka mmoja. Kifungu chake cha 95 kinalipa Bunge la Kitaifa mamlaka ya kuidhinisha kutangazwa kwa vita, na cha 240 kinalitaka Baraza la Usalama la Kitaifa lipate idhini ya Bunge kabla ya kupeleka vikosi nje kulinda amani. Serikali haikusema imetangaza vita. Ilisema inafukuza wahalifu. Kwa maelezo hayo nchi iliingia katika vita virefu kuliko vyote ilivyowahi kupigana nje ya mipaka yake.

Yapo mazingira ya siku zile ambayo husahaulika upesi. Kenya ilikuwa chini ya serikali ya nusu mkate: Mwai Kibaki alikuwa rais, Raila Odinga waziri mkuu, na vyama vikubwa vyote vilikuwa na mawaziri mezani. Upinzani bungeni ulikuwa jina tu. Raila aliunga mkono operesheni, na mwezi Novemba mwaka huohuo alikuwa Israel akitafuta msaada wa usalama. Ugomvi wa vyama kuhusu vita hivi, tulioujua baadaye kwa makelele yake, haukuzaliwa na vita vyenyewe. Ulizaliwa Machi 2013, Uhuru Kenyatta na William Ruto waliposhinda uchaguzi kwa tiketi ya Jubilee na Raila akabaki nje na muungano wake wa CORD.

Huo ndio msimamo wangu katika uchambuzi huu. Mgawanyiko wa vyama vya Kenya kuhusu kupambana na ugaidi umefuata viti zaidi ya imani. Aliyemo serikalini hutetea operesheni na sheria kali; aliye nje hutetea haki za raia na kutaka majeshi yarudi; wakibadilishana viti, hubadilishana na maneno. Wala kubishana si dhambi. Nchi isiyobishana kuhusu kupeleka vijana wake vitani ina ugonjwa mkubwa zaidi. Kasoro ya kwetu ni kwamba vyama vilipiga kelele pale ambapo lawama ingeviangukia vingine, vikanyamaza pale ambapo Katiba ilivitaka viulize.

Kabla ya mwaka 2011 mistari ilikuwa imechorwa kwa namna nyingine. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yaliyolipua balozi za Marekani yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Novemba 2002 hoteli ya Paradise ililipuliwa Kikambala, na asubuhi hiyohiyo ndege ya Israel ikarushiwa makombora ikipaa kutoka Mombasa. Mwaka uliofuata serikali ya Narc chini ya Kibaki ilichapisha mswada wa kukomesha ugaidi. Mashirika ya haki za binadamu, mawakili na viongozi wa Waislamu waliupinga kwa nguvu, kwa kuwa ulimpa polisi uwezo wa kumkamata mtu na kumficha ndugu zake wasijue alipo. Ukaondolewa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi haikupatikana hadi mwaka 2012. Katika miaka hiyo tisa ubishi mkali ulikuwa kati ya dola na jamii ya Waislamu, hasa wa Pwani na Kaskazini Mashariki. Vyama vilikuja kuvuna tu.

Mavuno yalionekana mwaka 2007. Mapema mwaka huo watu waliokimbia mapigano Somalia walikamatwa Kenya, wakiwemo Wakenya, wakasafirishwa kwa ndege hadi Somalia na baadaye Ethiopia bila kufikishwa mahakamani. Familia za Mombasa na Nairobi zikawa zinatafuta watu wao katika magereza ya nchi jirani. Mwezi Agosti Raila, akiwania urais, alitia saini hati ya maelewano na jukwaa la viongozi wa Waislamu, NAMLEF, akiahidi kwamba jambo hilo halitarudiwa. Muda si muda ikasambazwa hati bandia iliyodai ameahidi kuleta sharia nchini. Hapo hoja ya msingi, yaani kama dola ina haki ya kumhamisha raia wake gizani, ikafunikwa na hoja ya nani anapendwa na Waislamu na nani anaogopwa na Wakristo. Kibaki naye akaunda kamati ya kusikiliza malalamiko ya Waislamu miezi michache kabla ya uchaguzi. Kila upande ulijua kura ziko wapi. Waliosafirishwa walibaki walikokuwa.

Nikirudi kwenye vita vyenyewe, Septemba 2012 KDF na wanamgambo wa Ras Kamboni wa Ahmed Madobe waliingia Kismayu, bandari iliyokuwa ikiwaingizia Al-Shabaab fedha za mkaa. Kijeshi huo ulikuwa ushindi. Kisiasa hakuna aliyeuliza: sasa tumefika, tunarudi lini? Jubilee ilirithi swali hilo bila jibu, na mwaka haukupita kabla ya Westgate.

Tarehe 21 Septemba 2013 watu wenye bunduki waliingia katika jengo hilo la maduka wakaua watu 67. Kwa siku mbili tatu hivi Wakenya walikuwa kitu kimoja kwelikweli. Foleni za kuchangia damu zilizunguka viwanja. Kisha zikaja picha za kamera za ndani zilizowaonyesha wanajeshi wakitoka katika supamaketi ya Nakumatt na mifuko myeupe ya plastiki mikononi. Mkuu wa majeshi, Julius Karangi, akasema walikuwa wamechukua maji. Ikajulikana pia kwamba kikosi cha polisi cha Recce, kilichokuwa kimeanza kuwabana washambuliaji, kiliondoka baada ya kamanda wake kupigwa risasi na wanajeshi waliofika baadaye. Rais aliahidi tume ya uchunguzi. Haikuundwa. Kamati mbili za Bunge zilikaa pamoja zikaandika ripoti iliyowasafisha wanajeshi na tuhuma za wizi, ripoti ambayo ilikuwa dhaifu kiasi kwamba Machi 2014 wabunge wenyewe, wa pande zote, waliikataa.

Wengi waliona kukataliwa huko kuwa ushujaa wa Bunge. Siwezi kukubaliana nao. Ripoti mbovu ikikataliwa, kazi inayofuata ni kuandika nzuri. Hawakuiandika. Mpaka leo jamaa za watu 67 hawana hati hata moja ya dola inayoeleza nini kilitendeka ndani ya jengo lile, nani aliamuru nini, na kwa nini vikosi viwili vya nchi moja vilipigana risasi. Hapo palikuwa na kazi halisi ya upinzani, kazi ya kuchosha isiyo na mikutano ya hadhara, na haikupata mtu wa kuifanya.

Mwaka 2014 ndio uliovuruga kila kitu, na hapo ni lazima tukae kidogo.

Mwezi Aprili serikali ilianzisha msako ulioitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, wenye kitambulisho na wasio nacho, walikamatwa na kujazwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani ili wapekuliwe. Jambo la kuangaliwa ni nani alipinga. Wabunge wa Kaskazini Mashariki waliokuwa ndani ya Jubilee, akiwemo kiongozi wa wengi Aden Duale wa Garissa Mjini, walikuja juu, wengine wakatishia kuacha kuiunga mkono serikali. Kwa siku chache mstari wa chama ulikatika, na sababu yake ni wazi: waliokuwa wakilala sakafuni Kasarani walikuwa wapigakura wao na binamu zao. Miezi minane baadaye Duale huyohuyo alikuwa akiutetea mswada wa usalama wa serikali bungeni.

Usiku wa tarehe 15 Juni watu walikuwa wakitazama Kombe la Dunia Mpeketoni, Kaunti ya Lamu, washambuliaji walipoingia mjini. Usiku huo na uliofuata waliuawa watu zaidi ya 60. Al-Shabaab walijitangaza kuwa ni wao. Tarehe 17 Rais Kenyatta alihutubia taifa akasema si wao. Kwa maelezo yake, mauaji yalipangwa na mitandao ya kisiasa ya humu humu nchini, yakilenga kabila moja. Wiki mbili kabla, Raila alikuwa amerejea kutoka Marekani na kuanzisha mikutano ya kudai mazungumzo ya kitaifa, kwa hiyo kila aliyesikiliza alielewa kidole kimeelekezwa wapi. Gavana wa Lamu, Issa Timamy, alikamatwa. Baadaye kesi yake ikaporomoka.

Serikali haikubuni kila kitu. Ardhi ya Mpeketoni ina historia chungu tangu walowezi kutoka bara walipogawiwa mashamba huko enzi za Jomo Kenyatta, na Al-Shabaab walijua kuutumia uchungu huo. Lakini rais anaposema si magaidi wakati magaidi wanasema ni sisi, polisi hupoteza siku za mwanzo wakitafuta wanasiasa, na wanavijiji wa Lamu huachwa bila ulinzi dhidi ya watu walioko msituni. Mashambulizi yaliendelea vijiji vya jirani wiki hizo hizo.

Uhispania iliwahi kupita njia hii. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu katika treni za Madrid yaliua watu zaidi ya 190, na serikali ya José María Aznar, iliyokuwa imepeleka wanajeshi Iraq kinyume cha matakwa ya raia wengi, ikashikilia kwamba ni kazi ya ETA, kundi la Wabaski. Uchaguzi ulikuwa baada ya siku tatu. Ushahidi ulipoelekea kwa wafuasi wa Al-Qaeda, wapigakura waliiondoa serikali, na Zapatero akawarudisha wanajeshi nyumbani kama alivyoahidi kabla ya shambulio. Tofauti na Mpeketoni ni kwamba Wahispania walikuwa na sanduku la kura mbele yao na chama kilichosema jambo moja kabla na baada ya mabomu. Wakenya hawakuwa na kimojawapo.

Novemba 22 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa alfajiri. Ndani yake walikuwemo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Krismasi. Abiria walitenganishwa, walioshindwa kutamka shahada waliuawa, 28 kwa jumla. Siku kumi baadaye wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe waliuawa karibu na mji huohuo. Waziri wa usalama, Joseph ole Lenku, aliondolewa, Inspekta Jenerali David Kimaiyo akastaafu. Rais akamteua Joseph Nkaissery, jenerali mstaafu ambaye alikuwa mbunge wa ODM, chama cha Raila. Nkaissery akabadili upande na mshahara, na mwezi huohuo wa Desemba akawa mtetezi wa sheria ambazo chama alichotoka kiliziita za kidikteta.

Sheria zenyewe zilijadiliwa tarehe 18 Desemba 2014. Waliotazama kikao kile hawatakisahau. Wabunge wa CORD waliimba na kupiga meza, karatasi za shughuli zikachanwa na kurushwa hewani, makonde yakatembea, Naibu Spika Joyce Laboso akamwagiwa maji. Spika Justin Muturi alilazimika kuzungukwa na walinzi. Katikati ya ghasia hiyo vifungu vilipitishwa kimoja baada ya kingine kwa sauti za ndiyo na la, huku sauti zenyewe hazisikiki. Kesho yake rais alitia saini.

Matokeo yake ni kwamba hakuna orodha ya majina. Mkenya wa Garissa au Kisii hawezi leo kufungua kumbukumbu za Bunge akaona mbunge wake alipigaje kura kuhusu kifungu cha kumweka mshukiwa rumande muda mrefu au kile cha kumfunga mwandishi wa habari. Upinzani ulitaka kuuzuia mswada kwa fujo, ukashindwa, na fujo hiyo ikawapa wengi mahali pa kujificha.

Linganisha na Marekani, nchi ambayo haina cha kujivunia sana katika vita hivi. Siku tatu baada ya tarehe 11 Septemba 2001 Bunge lake lilimpa rais ruhusa ya kutumia nguvu: Seneti kura 98 kwa 0, Baraza la Wawakilishi 420 kwa 1. Huyo mmoja ni Barbara Lee wa California, na jina lake limeandikwa. Oktoba mwaka uliofuata, kuhusu Iraq, vyama viligawanyika: 296 kwa 133 katika Baraza, 77 kwa 23 Seneti, Wademokrati wengi wa Baraza wakipinga, wenzao wengi wa Seneti wakikubali. Kura hizo hazikuzuia vita vibaya. Lakini Hillary Clinton alipogombea mwaka 2008 aliulizwa kila mahali kuhusu kura yake ya 2002, na Barack Obama alinufaika kwa kuwa alivipinga vita hivyo mapema. Kwetu hakuna mgombea aliyewahi kuulizwa swali la namna hiyo, kwa sababu halina ushahidi wa kushikia.

Kilichoshindikana bungeni kilikwenda mahakamani. CORD na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu walifungua kesi. Januari 2 Jaji George Odunga alisimamisha baadhi ya vifungu, na tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu wakafuta vifungu vinane. Miongoni mwake ni kile cha kuwaadhibu wanahabari na kile kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 katika nchi iliyokuwa na zaidi ya nusu milioni. Soma hukumu hiyo utaona mjadala ambao wabunge walipaswa kuufanya: hatari ni ipi, nguvu inayoombwa inahusianaje na hatari hiyo, na haki ipi inapunguzwa kwa kiasi gani. Naiheshimu sana. Hata hivyo mahakama haiwezi kumuuliza jenerali kwa nini kambi yake ilikuwa dhaifu.

Alfajiri ya Aprili 2, 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa waliamshwa na risasi. Waliuawa watu 148. Kikosi cha Recce kilitoka Nairobi kikachelewa kwa saa nyingi. Naibu Rais Ruto akaupa Umoja wa Mataifa miezi mitatu kuhamisha kambi ya Dadaab, na serikali ikaendelea na mpango wa ukuta mpakani. Dadaab haikufungwa, jaribio jingine la mwaka 2016 lilizuiwa na Mahakama Kuu Februari 2017. Ukuta uligeuka ua, na mwaka 2019 wabunge walielezwa kwamba kilomita 10 zimekula shilingi bilioni 3.4, wakausimamisha. Mwezi huohuo wa Garissa, mashirika ya haki ya MUHURI na Haki Africa yaliwekwa katika orodha ya watuhumiwa wa kufadhili ugaidi na akaunti zao zikafungwa. Mahakama ikaziachia Novemba. Kosa lao kubwa lilikuwa kuhesabu vijana wa Pwani waliouawa au kupotea mikononi mwa polisi.

CORD walikuwa wamekwisha kuanza kudai KDF irudi nyumbani. Jubilee ikajibu kwamba Raila ndiye aliyekuwa waziri mkuu wanajeshi walipotumwa, jambo ambalo ni kweli na ambalo halijibu chochote. Hoja zenyewe zinastahili kupimwa bila kujali mdomo uliozitamka.

Waliotaka turudi walisema mashambulizi makubwa yote ya Al-Shabaab nchini yalikuja baada ya Oktoba 2011, na Al-Shabaab wenyewe wanataja KDF kila mara. Waliongeza mfano wa Ethiopia, iliyoingia Somalia Desemba 2006 ikaondoka Januari 2009, huku uvamizi wake ukiwapa Al-Shabaab wafuasi wengi kuliko mahubiri yoyote. Waliotaka tubaki walisema utekaji nyara ulikuwa umeanza kabla hatujaingia, kwamba jimbo la Jubaland nchini Somalia linaweka umbali kati ya Al-Shabaab na Wajir, na kwamba kuondoka baada ya mauaji ni kuwafundisha wauaji njia.

Hoja zote mbili zinaanguka ukitazama majirani. Uganda ilipeleka majeshi Somalia mwaka 2007, miaka minne kabla yetu, na Burundi ikafuata mwishoni mwa mwaka huohuo. Kampala ilishambuliwa Julai 2010, watu zaidi ya 70 wakafa, na Kizza Besigye na upinzani wake wakataka majeshi yarudi, Museveni akakataa. Tangu hapo Al-Shabaab hawajafanya shambulio la ukubwa huo Uganda, na Burundi haijawahi kupata. Kama kuwa na wanajeshi Mogadishu ndiko kunakoleta mabomu, Bujumbura ingekuwa imeungua. Na kama kuwa nao kunaleta usalama, Mandera ingekuwa imetulia. Kinachoitofautisha Kenya ni mpaka wa takriban kilomita 680, polisi wanaonunulika, kaunti zilizopuuzwa tangu vita vya Shifta vya miaka ya 1960, na vijana wa Majengo na Mombasa walioshuhudia masheikh wakipigwa risasi barabarani bila mtu kushtakiwa: Aboud Rogo Agosti 2012, Ibrahim Omar Oktoba 2013, Makaburi Aprili 2014. Mambo haya hayana chama. Kila chama kilichopita serikalini kina sehemu yake ndani yake, na pengine ndiyo maana mabishano yalipenda kukaa upande wa pili wa mpaka.

Waliokuwa karibu na risasi walikuwa na busara tofauti. Desemba 21, 2015 basi jingine lilisimamishwa katika Kaunti ya Mandera, karibu na El Wak, na abiria wakaamriwa wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Waislamu walikataa. Wanawake waliwavisha hijabu wenzao wasio Waislamu. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki mwezi uliofuata hospitalini. Rais alimtunuku nishani. Hata hivyo walimu wengi wa kutoka bara walikuwa wamekwisha kuhama baada ya mauaji ya basi la kwanza, madarasa ya Mandera na Wajir yakabaki na watoto bila mwalimu, na hilo halikuwahi kupigiwa kelele bungeni kama zile za Desemba 18.

Januari 15, 2016 Al-Shabaab waliiteka kambi ya KDF iliyokuwa El Adde, Somalia. Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia alitaja hadharani wanajeshi wa Kenya kati ya 180 na 200 waliouawa. Uchunguzi wa kituo cha CNN ulifikia 141. Serikali ya Kenya haikutoa idadi; mwaka uliofuata, baada ya kambi ya Kulbiyow kushambuliwa, ilikiri vifo tisa. Majeneza yalifika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, yakazikwa kaunti mbalimbali, kila familia ikijua msiba wake na taifa likikosa kujua jumla.

Hapa ndipo ninapoudhika zaidi. Upinzani ulikuwa na viti vya kutosha bungeni kuleta hoja, kuita mawaziri, kudai kikao cha siri kama siri ndiyo iliyokuwa tatizo. Ulitoa taarifa kwa vyombo vya habari, ukaendelea na maandalizi ya mwaka 2017. Machi 2018 ikaja handisheki, yaani maridhiano ya Uhuru na Raila, na baada ya hapo dai la KDF kurudi nyumbani likafifia katika midomo ya viongozi wakuu wa ODM. Somalia haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni Nairobi.

Serikali ya Ruto nayo ilitangaza Mei 2023 kwamba mpaka utafunguliwa kwa awamu, kisha ikaahirisha mwezi Julai baada ya mashambulizi mapya. Ruto alipoahidi polisi kwa Haiti, aliyekwenda mahakamani alikuwa Ekuru Aukot wa chama kidogo cha Thirdway Alliance, na Januari 2024 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Baraza la Usalama la Kitaifa halina mamlaka ya kuwatuma polisi nje kwa utaratibu ule. Polisi waliondoka Juni hata hivyo, baada ya makubaliano kutiwa saini na Haiti. Ndege yao ilitua Port-au-Prince tarehe 25, siku ambayo vijana waandamanaji waliingia Bunge la Nairobi na waziri wa ulinzi, Aden Duale, akachapisha notisi ya kuwapeleka wanajeshi barabarani. Safari hii Bunge liliidhinisha kesho yake.

Kisha sheria ya ugaidi ikageuziwa raia. Katikati ya mwaka 2025 vijana wengi waliokamatwa katika maandamano walishtakiwa chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi, na mwanaharakati Boniface Mwangi alikamatwa kwa tuhuma za namna hiyo kabla ya kushtakiwa kwa kupatikana na risasi. Tanzania ilitangulia: mwenyekiti wa Chadema wakati huo, Freeman Mbowe, alikaa rumande kwa mashtaka ya ugaidi kuanzia Julai 2021 hadi Machi 2022, mashtaka yakaondolewa. Wapinzani wa mswada wa mwaka 2003 walionya juu ya jambo hili hasa. Vijana wa 2025 walipopandishwa kizimbani, ODM, iliyokuwa mhimili wa CORD mahakamani mwaka 2014, ilikuwa na wanachama wake katika baraza la mawaziri.

Tunakaribia uchaguzi wa 2027 na KDF bado iko Somalia, sasa katika kikosi cha Umoja wa Afrika kinachoitwa AUSSOM tangu Januari 2025. Kifungu cha 240 cha Katiba kinalitaka Baraza la Usalama la Kitaifa lipeleke bungeni kila mwaka ripoti ya hali ya usalama nchini. Mbunge yeyote, wa mrengo wowote, anaweza kuleta hoja kwamba ripoti hiyo ianze kutaja wanajeshi waliouawa Somalia kwa mwaka, tukianzia Oktoba 2011, El Adde na Kulbiyow zikiwemo, na kwamba kura ya hoja hiyo ipigwe kwa kuitwa majina.